Nguvu Zetu Zisiliwe na Kuku

Mfanyakazi wa Dodoma apitapo dukani jioni hununua sembe nyeupe kama pamba, akaamini kuwa amewapelekea watoto wake chakula cha heshima. Sisi twasema heshima hiyo ni ya macho tu. Mashine ya kukoboa huondoa ganda na kiini cha hindi, na humo ndimo ilimo sehemu kubwa ya vitamini B, madini ya chuma, mafuta na nyuzinyuzi. Kinachobaki ni wanga kwa sehemu kubwa. Pumba huuzwa kwa wafugaji. Hivyo mwananchi hulipa fedha ili apunguziwe chakula, na kilicho bora wakala kuku. Je, haya ndiyo maendeleo?

Sisi wa nyanda za kati hatuna sababu ya kudanganyika. Mvua ya Dodoma ni wastani wa milimita 570 hivi kwa mwaka, nayo hunyesha baina ya Desemba na Aprili. Wazee wa Ugogo waliijua ardhi yao. Walipanda uwele na mtama, mazao yavumiliayo ukame, wakapanda njugu mawe, kunde na karanga, wakaanika majani ya mlenda wakati wa mvua ili yawafae kiangazi, wakachuma ubuyu. Uwele una madini ya chuma kwa wingi, kunde na njugu hujenga mwili, na ubuyu una vitamini C. Hiyo ilikuwa elimu ya lishe kabla neno lishe halijaandikwa ukutani mwa zahanati.

Wako wasemao kwamba uwele na mtama ni chakula cha njaa. Hiyo ni kasumba, nasi twaikataa. Lakini hatumlaumu bure mkulima aliyehamia mahindi. Shamba la mtama lataka mlinzi, maana kwelea kwelea hushuka kama wingu, na watoto waliokuwa wakiwainga sasa wako shuleni, mahali wanapostahili kuwa. Basi vijiji na vipande wakati mmoja na kulinda mashamba kwa zamu. Mbegu bora za utafiti wa TARI Hombolo ziwafikie wakulima. Na mnunuzi wa hakika apatikane. Mkulima hali sifa.

Kwa wale wapendao mahindi, twasema: saga dona. Lakini dona yataka nafaka safi. Mwaka 2016 ulitufunza, sumukuvu ilipoua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa mahindi yaliyoota ukungu. Mahindi yaanikwe juu ya turubai, si juu ya udongo, yakauke barabara, punje mbovu zitengwe kabla ya kwenda mashineni.

Kazi hii si ngeni kwa Chama. Mwaka 1973, mwaka uleule TANU ilipoamua makao makuu ya nchi yawe Dodoma, kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya wananchi katika vikundi kusikiliza redio na kujadiliana. Mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai.  Vikundi vile vilianza na redio moja na watu waliokuwa tayari kujifunza.

Twawaomba wanachama waanze pale walipo. Mkutano wa tawi ukiandaa chakula, kiwe ugali wa uwele au dona, kwa mlenda na kunde. Vyama vya wafanyakazi vidai hayo katika kantini za ofisi, hata kule Mtumba. Kamati za shule zihakikishe kwamba uji wa watoto ni wa nafaka isiyokobolewa. Kiongozi asiyekula uwele hadharani asimhubirie mkulima kuupanda.

Taifa halijengwi kwa wanga mtupu.