Mwenye foraje aondoke ku mulongo wa robine



Kila mutu aliyekomea mu Katuba, Ruashi ao komine ya Kenya anajua mulongo wa bidoni. Robine ni moja, maji inatoka kidogo, na bidoni zinapangwa tangu usiku. Kuna sheria ambayo haikuandikwa popote: kila bidoni iko na zamu yake. Inaonekana ni haki. Lakini mama mmoja amekuja na bidoni moja, jirani yake ametuma watoto na bidoni kumi. Zamu iko sawa kwa kila bidoni, haiko sawa kwa kila mutu. Na mara ingine yule wa bidoni kumi njo yule ana foraje mu lupango yake.

Leo naandika juu ya intaneti, lakini mambo ni yale yale.

Niko na lisanse ya informatike, na tangu nimalize sina kazi. Juzi nilikuwa najaza maombi ya kazi kwa simu, saa mbili ya usiku, siku ya mwisho ya kupokea dosie. Ukurasa ulizunguka, ukazunguka, mega ikakwisha mbele ufunguke. Kesho yake jirani mwenye sim mbili na antena ya setilaiti juu ya nyumba akaniambia: "Eh, jana rezo ilikuwa muzuri kabisa!" Hakudanganya. Kwake ilikuwa muzuri.

Watu wanafikiri mu intaneti kuna mutu mmoja anakaa katikati anagawa kwa wote. Hapana. Mu Oktoba 1986, kule California, rezo kati ya maabara ya Berkeley na chuo kikuu cha Berkeley, mwendo wa mita mia chache tu, ilianguka kutoka biti 32,000 kwa segonde mpaka biti 40. Kila mashini ilikuwa inasukuma bila kuangalia wengine. Van Jacobson akaandika dawa mwaka 1988: mashini ikiona pakete zake zinapotea, ijue njia imejaa, ipunguze mwendo yenyewe, kisha ipande polepole. Simu yako ingali inafuata sheria za ukoo huo. Intaneti inaishi ju kila mmoja anakubali kujizuia.

Lakini sheria ile ina tundu. Inahesabu koneksio, haihesabu watu. Programu inayofungua koneksio kumi inapata sehemu kumi. Njo bidoni kumi za jirani. Injinia Mwingereza Bob Briscoe alipiga kelele juu ya jambo hili tangu 2007.

Kisha kukaja swali kubwa zaidi. Mashini moja ikitumia njia mbili kwa wakati mmoja, mfano Wi-Fi na 4G, na njia zote mbili zinapita mahali pamoja pembamba, je, ichukue sehemu mbili? Watafiti wa University College London walijibu: hapana. Mwaka 2011 jibu lao likaandikwa kama sheria tatu. Moja, mwenye njia nyingi asipate kidogo kuliko angepata ku njia yake bora peke yake. Mbili, pale njia imebanana asichukue zaidi ya mwenye njia moja. Tatu, atoe mzigo wake ku njia iliyojaa, aupeleke ku njia iliyo wazi. Kwa kifupi: mwenye foraje aondoke ku mulongo, amuachie robine yule ambaye hana kingine. Hii si ndoto. Chuo kikuu cha Louvain, kule Ubelgiji, kiliandika programu yake, na Apple ilianza kutumia njia nyingi mu simu zake mwaka 2013.

Sasa turudi kwetu. Inchi yetu imeunganishwa na waya wa bahari WACS kule Muanda tangu 2013. Huku kusini, fibre inapita Zambia mpaka Dar es Salaam. Mu Agosti 2023, maporomoko chini ya bahari, mu bonde la mto Congo, yalikata WACS pamoja na SAT-3. Siku kama ile, kampuni yenye njia ya pili inahama. Mwenye sim moja na mega ya siku moja anangoja, na mega yake inakufa muda wake ukiisha hata kama hakuitumia.

Mutu atasema: "Mwenye pesa alilipa, muache." Sawa. Hatumkatazi foraje yake. Lakini masafa ya redio ambayo antena zinatumia ni mali ya taifa, na sisi pia tunalipa. Mmesahau RAM? Kuanzia 2020, dola 7 kwa mwaka zilikatwa mu inite za kila mwenye simu ya 3G ao 4G, mpaka ikaondolewa mwaka 2022. Ku kulipa tulikuwa raia. Ku kugawa tunakuwa nani?

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu.

ARPTC itangaze, komine kwa komine na saa kwa saa, antena gani zimejaa. Opereta antena ikijaa agawe kwa mutu, si kwa koneksio. Ikiwa wazi, kila mmoja akimbie anavyoweza. Na makampuni yenye fibre ao setilaiti yao yapeleke mizigo mizito huko, hasa jioni, wakati vijana wanasoma na kutafuta kazi.

Tuwe macho pia. Kugawa kwa mutu hakuhitaji kusoma mutu anaandika nini; kuhesabu mzigo kunatosha. Tangu 31 Desemba 2018, baada ya uchaguzi, intaneti ilikatwa inchi nzima karibu wiki tatu. Mwenye mamlaka asije akatuambia kesho kwamba anafunga "ju ya kupunguza msongamano". Kupanga mulongo si kufunga robine.

Na sisi tusingoje. Mwezi mzima, kila siku saa mbili ya usiku, pima mwendo wa koneksio yako, andika komine, opereta na saa. Usiandike jina. Tutaweka zote pamoja na kuzipeleka mahali panapofaa. Wakituambia rezo iko muzuri, tutawaonyesha ni kwa nani.

Hatuombi mega ya bure. Tunaomba zamu yetu.