Ngozi ya Kioo Haitaki Chupa Kumi

Shosti, ile ngozi ya kung'aa kama kioo unayoiona kwenye tamthilia za Kikorea haitaki chupa kumi mezani. Kung'aa kwenyewe ni mambo ya maji. Tabaka la juu la ngozi likishiba maji linakuwa laini na mwanga unalipiga vizuri. Likikauka ndiyo ule mpauko tunaoujua.

Asidi ya hayaluroniki kazi yake ni kushika maji hayo. Ila ukiipaka kwenye uso mkavu, halafu usifunike kwa krimu, maji yanakuponyoka. Niasinamidi nayo, ambayo Korea Kusini inaitambua kwa asilimia 2 hadi 5 kwenye vipodozi vya kung'arisha, haichubui: inapunguza rangi inayotoka kwenye seli zinazoitengeneza kwenda seli za juu. Madoa hufifia taratibu, kwa wiki kadhaa. (Anayekuahidi siku tatu mkimbie, huo ni mkorogo!)

Mimi nachagua sabuni laini, krimu, na losheni ya kukinga jua kila asubuhi. Ukiiacha hiyo losheni, jua linarudisha madoa na hela ya seramu imekwenda na maji. Na shemeji naye apake, jamani, uso wake si wa bati.