Saa Kumi ya Mvuvi

Mvuvi wa Mombasa hahitaji kitabu kujua kwamba mwezi ukiandama, au ukitimia kumi na nne, maji ya bamvua hayako mbali. Ajua pia kwamba siku hizo bahari hujaa yapata saa kumi, alfajiri na alasiri, na kupwa yapata saa nne. Na kila siku ipitayo maji huchelewa kwa kadiri ya dakika 50. Mwenye kushika tarehe ya Kiislamu hapotezwi na maji.

Mtoto wa mvuvi huyo huyo yuko darasani, anakariri milinganyo ya fizikia kama anayekariri neno la kufungulia pango la hazina. Hakuna aliyemwambia kwamba mmoja katika milinganyo hiyo wahusu maji aliyoyaoga jana. Jambo hili latusikitisha, na ndilo tunalotaka kulizungumza na wasomaji wetu.

Mlinganyo hauanzi ubaoni. Huanza kwa watu kutazama kitu kile kile siku nenda siku rudi. Abu Ma'shar wa Balkh, aliyefariki mwaka 886, aliandika kwa urefu jinsi bahari inavyofuatana na mwezi, na kitabu chake kilipofasiriwa kwa Kilatini katika karne ya 12, wanachuoni wa Ulaya walikisoma. Alikuwa mnajimu, na mengi aliyoyasema juu ya nyota sisi hatuwezi kuyaapia. Lakini habari za maji alizipanga vyema. Ila kupanga si kueleza. Mwezi hutupita juu mara moja tu kwa siku, basi mbona maji hujaa mara mbili?

Mwaka 1687 Isaac Newton alitoa jawabu, na alilipata kwa kuligeuza swali. Ukiuliza nani avuta dunia kwa nguvu zaidi, ni jua, tena kwa zaidi ya mara mia moja kuushinda mwezi. Lakini maji hayainuliwi na mvuto wenyewe. Yainuliwa na tofauti ya mvuto baina ya upande huu wa dunia na ule. Maji yaliyo karibu na mwezi huvutwa kuliko dunia, na dunia nayo huvutwa kuliko maji ya upande wa pili, yakabaki nyuma. Ndiyo maana kuna vilima viwili vya maji, nasi twazunguka chini ya vyote viwili. Tofauti hiyo hufifia upesi mno: umbali ukiwa maradufu, yapungua hadi sehemu moja katika nane. Basi jua, kwa kuwa liko mbali, fungu lake halifiki nusu ya la mwezi. Vikiwa katika mstari mmoja, husaidiana na tukapata bamvua. Vikikaa kwa pembe, hupingana, yakawa maji mafu.

Hesabu nzuri. Walakini, kwa hesabu hiyo peke yake bahari haingepanda hata mita moja, na Kilindini wakati wa bamvua hupanda zaidi ya mita 3. Mtu mwepesi angesema Newton alikosea. Mfaransa Laplace, katika miaka ya 1770, hakusema hivyo. Alisema maji hayasimami yakangoja mwezi; hukimbia, hugonga bara yakarudi, na mzunguko wa dunia huyapinda njiani. Akaandika milinganyo ya mwendo huo, nayo ni sahihi mpaka leo. Taabu ni kwamba hakuna kalamu iwezayo kuifungua kwa bahari yenye miamba na hori kama zetu. Hili ndilo wanafunzi hawaambiwi: kuandika mlinganyo ni kazi moja, kuufungua ni nyingine, na pengine hupita miaka mia baina ya hizo mbili.

Aliyepata njia ya kupitia ni William Thomson, aliyekuja kuitwa Lord Kelvin, katika miaka ya 1860. Asikilizaye ngoma husikia mlio mmoja, kumbe ndani yake mna chapuo, vumi na msondo, kila moja na mwendo wake. Maji nayo ni hivyo. Mdundo wa mwezi hurudi kila saa 12 na dakika 25, wa jua kila saa 12, na mingine midogo. Mwendo wa kila mdundo wajulikana kutoka mbinguni. Kilichobaki ni kupima katika kila bandari una nguvu gani na wachelewa kiasi gani. Mashine yake ya kwanza, ya mwaka 1872, ilijumlisha midundo 10 kwa magurudumu na uzi. Kwa mashine za namna hiyo Arthur Doodson alihesabu maji ya Normandy kabla ya majeshi kushuka huko tarehe 6 Juni 1944. Siku hizi kompyuta hufanya kazi hiyo, na hata milinganyo ya Laplace huifungua kwa kuikata bahari vipande vidogo vidogo.

Sasa tumrudie mvuvi. Mwezi ukiandama, huwa juu yetu pamoja na jua adhuhuri, na maji yajaa saa kumi. Kuchelewa huko kwa saa nne ndiko hasa Kelvin alikokuwa akikutafuta kwa kila bandari, na ambako Newton asingeweza kukujua bila kuuliza watu wa pwani. Mzee wetu anako kichwani, na shule haijamwuliza.

Twawaomba walimu wa fizikia wa pwani wachukue mti wenye alama za sentimita, wausimamishe majini penye gati, na darasa liandike kimo cha maji kwa mwezi mmoja mzima wa Kiislamu. Gharama ni mti na rangi. Bamvua hupwa saa nne asubuhi, watoto wakiwa shuleni. Ruhusa ya kutoka tu ndiyo itakiwayo.