Kiharusi: Safari imefupishwa, tusiicheleweshe nyumbani

Tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, mgonjwa anayetoka Buseresere, wilayani Chato, kwenda Bugando jijini Mwanza hasubiri tena kivuko. Hospitali ya Rufaa ya Kanda Chato nayo iko ndani ya wilaya hiyo hiyo. Hata hivyo, bado tunapokea wagonjwa wa kiharusi siku ya pili au ya tatu. Muda huo haupotei barabarani. Unapotea nyumbani.

Kiharusi hutokea mshipa wa damu wa ubongo unapoziba au kupasuka. Ukiziba mshipa mkubwa, seli za ubongo zinazokadiriwa kufikia milioni 1.9 hufa kila dakika. Ipo dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, lakini kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, tena baada ya kipimo cha CT scan kuonyesha kuwa damu haijavuja. Hospitali nyingi nchini hazina dawa hiyo. Hata pasipokuwa nayo, kuwahi kunaokoa: tunapima sukari, tunashughulikia presha kwa uangalifu, na tunahakikisha chakula hakiingii kwenye mapafu.

Mwambie mgonjwa atabasamu: je, mdomo umekwenda upande? Anyanyue mikono yote miwili: je, mmoja unashuka? Ataje jina lake: je, maneno yanakwama? Dalili moja inatosha. Kumbuka saa aliyoonekana mzima mara ya mwisho, tutakuuliza. Usimpe aspirini, dawa ya ziada ya presha, chakula wala maji. Mkifika kituo cha afya, ombeni wapige simu mbele kuuliza kama CT scan inafanya kazi.

Wazazi, watoto wenye selimundu, ambao ni wengi Kanda ya Ziwa, nao hupata kiharusi. Mtoto akilegea mkono au akichechemea ghafla, usiseme ameumia akicheza. Mpeleke saa hiyo hiyo.

Najua yatakayosemwa: karogwa, kapigwa na upepo mbaya, tumsubiri baba mkubwa, tusubiri kukuche. Simzuii mtu kuomba. Maombi yanafanyika hata ndani ya gari, na baba mkubwa hupigiwa simu mkiwa njiani. Usiku huu, kubalianeni nyumbani: nani ataita gari, na nauli itatoka wapi.