Taarabu ya Flash: Kibanda cha Kengeleni Si Adui

Ukipita Kengeleni jioni utawakuta vijana wa Frere Town kibandani, kila mmoja na flash yake, wakijaziwa nyimbo. Taarabu za marehemu Juma Bhalo na Zein l'Abdin zimo humo humo na bongo flava. Kwa mauzo hayo, jamaa za waimbaji hawapati hata ndururu.

Wengi husema njia ya halali ni ghali. Mimi sikubali. Mdundo, iliyoanzia Nairobi na mwaka 2020 ikaingia soko la hisa la Copenhagen, hukuruhusu kupakua wimbo bure. Matangazo ndiyo yanayolipa, na msanii hupata fungu lake. Wimbo ukishaingia kwenye simu hauli bando tena. Upande wa Skiza, sheria ya hakimiliki iliyorekebishwa 2022 inampa mwenye wimbo si chini ya asilimia 52 ya mapato.

Kwetu pwani tatizo ni karatasi. Taarabu nyingi zilirekodiwa kwa kaseti, nyingine papo hapo arusini, na mkataba hakuna. Mwimbaji ana dai, mtunzi wa shairi ana dai, aliyerekodi naye hakubali kuachwa. Sasa mgao atumiwe nani? Warithi wakae kitako, wakubaliane, waziandikishe nyimbo KECOBO.

Na yule kijana wa kibanda afanywe wakala, kama wa M-Pesa. Wateja anao, na anajua mama gani anataka wimbo gani (kuliko hizo programu zote!). Apewe kamisheni kwa kila wimbo wa halali. Askari wakimfungia leo Kengeleni, kesho atafungua Mshomoroni.