Usimcheke Anayetembea na Alpaka

Leo tuzungumzie jambo ambalo wengi wetu hapa Uingereza tukilisikia tunaangua kicheko: watu kulipa hela ili watembee na mnyama. Utasikia, "Nyumbani nimechunga mbuzi bure, leo nilipe paundi nimtembeze alpaka? Wazungu wana mambo!" Mimi nasema tusiwahi kucheka.

Kwa wasiomjua, alpaka asili yake ni milima ya Andes, kule Peru na Bolivia. Ni wa ukoo wa ngamia ila hana nundu, na manyoya yake ni laini sana. Hapa anafugwa kwenye mashamba mengi. Mgeni anakabidhiwa wake kwa kamba, mnazunguka taratibu kwa kikundi. Hapandwi, anaongozwa tu.

Faida yake ni nini? Alpaka hana haraka. Akiona majani anasimama, nawe unasimama. Ukimvuta kwa nguvu anagoma. Sasa mfikirie ndugu yetu anayetoka shifti ya usiku, analala mchana mapazia yamefungwa, akiamka ni kazini tena. Wiki nzima hajaona jua wala hajacheka na mtu. Upweke huu si wetu peke yetu. Mwaka 2018 serikali ya hapa ilifikia hatua ya kumteua waziri wa kushughulikia upweke!

Lakini tusidanganyane. Wataalamu wa afya hapa wanashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 kwa wiki za mazoezi ya wastani, kama kutembea kwa kasi. Mwendo wa alpaka ni wa pole, hivyo usidhani yeye atakumalizia mazoezi. Kazi yake ni kukutoa ndani. Ukishazoea kutoka, endelea bustanini na kwenye njia za umma zinazopita mashambani, ambako hulipi hata senti. Presha na kisukari havijali kama ulitembea na alpaka au na jirani yako.

Ukienda, zingatia haya:

- Msikilize mwenye shamba. Wengi wao hawapendi kushikwa kichwani, mguse shingoni.
- Usile chochote huku unashika wanyama.
- Ukimaliza, nawa mikono kwa maji na sabuni, watoto hasa. Jeli ya mikono haitoshi.
- Mama mjamzito aulize kwanza kwa mkunga wake.

Na kama huzuni imekukaa wiki mbili au zaidi, usingizi hauji na chakula hakipiti, muone daktari wako. Alpaka si daktari, na kwenda hospitali kwa ajili ya mawazo si aibu.

Basi Jumamosi hii zima TV, mpigie rafiki mmoja simu, mtoke. Wahenga walisema kutembea kwingi kuona mengi.