Tusiwafundishe Vijana Kulazimisha Chaneli

Yako mazoea katika ufundishaji wa mitandao ya kompyuta ambayo nadhani wakati umefika wa kuyaacha. Mwanafunzi anayejifunza kuunganisha swichi mbili kwa nyaya zaidi ya moja hupewa amri tatu au nne za kunakili, na miongoni mwake imo ile inayoiamuru swichi ifunge nyaya hizo kuwa chaneli moja kwa lazima, pasipo kuuliza upande wa pili umepangwaje. Taa za kijani zikiwaka, somo huhesabiwa kuwa limekwisha. Kwa maoni yangu amri hiyo ifundishwe mwisho kabisa, tena kwa tahadhari, na mwanafunzi aanze kwa kuelewa kwa nini pande mbili hazina budi kupatana.

Yafaa kwanza tukieleze chombo chenyewe, kwa faida ya msomaji ambaye neno swichi humkumbusha kiwashio cha taa ukutani. Swichi ya mtandao ni sanduku lenye milango mingi, na katika kila mlango huchomekwa waya wa kompyuta au wa swichi nyingine. Habari husafiri katika vifurushi, na kila kifurushi hubeba anwani ya mpelekaji na ya mpelekewa. Swichi haiambiwi na mtu nani yuko wapi; hujifunza yenyewe. Kifurushi cha kompyuta fulani kikiingia kwa mlango wa 3, swichi huandika katika daftari lake kwamba kompyuta hiyo iko upande wa mlango wa 3. Kifurushi ambacho mpelekewa wake hajulikani, au tangazo lililoandikiwa wote, hutolewa kwa milango yote isipokuwa ule kilioingilia. Kanuni hiyo ni ya werevu mkubwa, ila inaamini jambo moja ambalo si la kweli daima, yaani kwamba kati ya sehemu mbili ipo njia moja tu.

Ukiunganisha swichi mbili kwa nyaya mbili pasipo kinga yoyote, tangazo hupita waya wa kwanza, likarudi kwa wa pili, likapita tena wa kwanza, na halina siku ya kukoma. Kifurushi cha Intaneti hubeba hesabu ya hatua isiyozidi 255, ambayo hupunguzwa kila kinapovuka kutoka mtandao mmoja hadi mwingine, lakini swichi ya kawaida haiitazami hesabu hiyo. Waya wa gigabiti 1 kwa sekunde waweza kupitisha vifurushi vidogo kabisa vipatavyo 1,488,000 kwa sekunde. Kwa hiyo matangazo yanayorundikana katika mzunguko huo huweza kuwaziba watumiaji wote njia kwa muda mfupi.

Mwaka 1985 Radia Perlman, mhandisi wa kampuni ya Digital Equipment Corporation ya Marekani, alibuni namna ya vyombo hivi kushauriana na kuzifunga njia zilizozidi. Chama cha wahandisi cha IEEE kiliifanya kuwa kanuni rasmi, 802.1D, mwaka 1990. Dawa hiyo huponya kwa kuuzima waya wa pili hadi wa kwanza utakapokatika. Ni salama, lakini aliyetandaza nyaya mbili anapata nguvu ya mmoja. Hapo ndipo lilipozuka wazo la chaneli: nyaya kadhaa hufungwa pamoja kama tita la kuni, na swichi zikalihesabu tita zima kuwa mlango mmoja. Kanuni yake ya pamoja, 802.3ad, ilitolewa mwaka 2000, na mwaka 2008 ikahamishiwa katika kitabu kingine cha kanuni kwa jina la 802.1AX. (Tita halimzidishii mtu mmoja mwendo. Mazungumzo ya kompyuta mbili hubaki katika waya mmoja ili vifurushi visipitane njiani. Faida huwaendea watumiaji walio wengi.)

Sasa tuchukue swichi A, ambayo fundi ameilazimisha kuwa na chaneli, na swichi B, ambayo amesahau kuipanga. A inaona mlango mmoja; B inaona milango miwili. Kompyuta ya mwalimu imeunganishwa na A. Mwalimu akituma tangazo, A hulipeleka B kwa waya mmoja wa tita. B, isiyojua habari ya tita, hulirudisha kwa waya wa pili. A inapokea tangazo lenye anwani ya mwalimu likitokea upande wa chaneli, nayo, kwa utiifu wake, inafuta daftari na kuandika kwamba mwalimu amehamia kwa B. Tangu hapo kifurushi cha mwalimu kinachotoka kwa mwanafunzi aliye papo hapo kwenye A kinapelekwa B. Na B, ambayo inajua kwamba mwalimu yuko upande wa A, inakirudisha kwa waya mwingine au inakitupa. Kikirudi, A nayo inakitupa, kwa sababu daftari lake linaonyesha mlango uleule kilioingilia. Mwalimu akituma kifurushi kingine, daftari linasahihishwa na kazi inaendelea, hadi tangazo lijalo.

Naomba walimu wayatazame kwa makini matokeo ya kosa hilo. Hakuna taa nyekundu wala waya uliokatika. Mtandao unafanya kazi kwa dakika, unalala kwa sekunde, unaamka. Waya uliokufa hutangaza kifo chake, lakini mipangilio isiyopatana hujificha. Tangu nyaya za baharini za SEACOM na EASSy zilipoanza kazi katika mwambao wa Afrika ya Mashariki, mwaka 2009 na 2010, tumezoea kulaumu bahari au kampuni inayotuuzia Intaneti kila kurasa zinapokwama, ilhali mara nyingine kosa limo katika kabati la chumba cha kompyuta, nasi twalipa fundi aje kubadilisha vyombo vizima.

Kanuni ya mwaka 2000 ilikuja na tiba ya jambo hili. Ni mapatano yajulikanayo kwa herufi LACP, ambayo kwayo swichi hupelekeana taarifa fupi kila sekunde 1 au kila sekunde 30, kila moja ikijitambulisha na kulitaja tita lake. Taarifa zikikosekana kwa muda wa tatu mfululizo, waya huo hutolewa katika tita. Mlango hupangwa ama uanze kusema ama ungoje kusemeshwa. Pande zote mbili zikipangwa kungoja, chaneli haifunguki kamwe, kama nyumba mbili ambazo kila moja yangoja hodi ya mwenzake. Lakini hata kosa hilo huangukia upande wa salama: nyaya hubaki mbalimbali, na dawa ya Perlman huuzima mmoja, au mlango husimamishwa. Kosa la kulazimisha huangukia upande wa hatari, na kwangu mimi tofauti hiyo yatosha kukata shauri.

Wako watakaosema kwamba swichi za bei nafuu, ambazo ndizo shule huzimudu, hazina LACP. Ni kweli kwa baadhi yake. Penye swichi ya namna hiyo mtu alazimishe, ila apange pande zote mbili kwanza na kuuchomeka waya wa pili baadaye kabisa. Wala LACP haimwondolei fundi wajibu wa kulinganisha. Mapatano hayo hayabebi orodha ya mitandao midogo iliyoruhusiwa kupita katika chaneli. Upande mmoja ukiruhusu wa ofisi na wa maabara, na mwingine wa maabara peke yake, tita litafunguka vizuri na ofisi itabaki kimya. Mwendo wa kila waya nao hauna budi kuwa sawa. Mambo hayo yaandikwe katika karatasi yenye safu mbili, A na B, na ibandikwe ndani ya mlango wa kabati.

Shule isiyo na swichi hata moja yaweza kuanza somo hili kesho. Wanafunzi wawili wawe swichi, kila mmoja na daftari. Wanne wawe kompyuta. Barua zipitishwe juu ya madawati mawili yaliyo kati yao. Mwalimu amnong'oneze mmoja wa wale wawili kwamba madawati ni njia moja, asimwambie mwenzake lolote, kisha aitume barua ya kwanza iliyoandikiwa wote. Baada ya barua chache wanafunzi wasome madaftari yote mawili kwa sauti, na darasa litafute ni wapi anwani moja imehama na mwenyewe hajanyanyuka kitini.